Rangi ya Kweli ya Mtoto: Ubora wa Mwanga wa Mchana katika Wodi za Watoto

Mnamo mwaka 1956, Sista Jean Ward, muuguzi msimamizi wa chumba cha watoto njiti katika Hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wake uani siku za jua. Aliamini kwamba hewa safi na jua la upole vingewafaa kuliko fukuto la chumba kilichofungwa. Siku moja, madaktari wakiwa katika mzunguko wa wodi, aliwaonyesha mtoto ambaye umanjano wa ngozi yake ulikuwa umefifia mwili mzima, isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu iliyobaki ya manjano iliyokolea. Daktari alidhani kwamba mtoto amepakwa dawa. Kumbe sehemu ile ndiyo iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Wiki chache baadaye, chupa ndogo yenye damu ya mtoto mwingine mwenye manjano iliachwa dirishani penye jua. Ilipopimwa, kiwango chake cha bilirubini kilikuwa chini kuliko ilivyotarajiwa. Dk. R. J. Cremer na wenzake waliyaunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza taa ya kuwatibu watoto, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Taa za buluu zinazotumika leo katika wodi za watoto wachanga zina asili yake hapo.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama historia ya tiba. Lakini ndani yake mna jambo la awali zaidi ambalo husahaulika: kabla nuru ile haijamtibu mtoto, ilimwonyesha. Sista Ward aliweza kutofautisha ngozi na ngozi kwa sababu alimtazama mtoto mchana, mahali peupe, pasipo kioo cha rangi wala taa hafifu kati ya jicho lake na mwili wa mtoto. Makala haya yanahusu uwezo huo wa kuona. Tunapozungumzia ubora wa mwanga wa asili katika chumba cha mtoto mgonjwa, swali la kwanza ni kama mwanga ule unaiacha rangi ya mtoto ilivyo.

Kusoma ngozi

Mtoto mdogo hawezi kujieleza, na rangi yake husema kwa niaba yake. Weupe wa viganja huashiria upungufu wa damu. Umanjano wa macho na ngozi huashiria bilirubini iliyozidi. Ubuluu wa ulimi na midomo huonya kwamba oksijeni imepungua. Katika zahanati isiyo na maabara, weupe wa kiganja ndio kipimo chenyewe. Mwongozo wa IMCI, ambao wahudumu wengi wa afya ya msingi wameusomea, unamtaka mhudumu akishike kiganja cha mtoto taratibu kutoka ubavuni, asivivute vidole kwenda nyuma kwa kuwa kufanya hivyo huzuia damu na kuleta weupe wa uongo, kisha akilinganishe na kiganja chake mwenyewe na vya watoto wengine. Akiona weupe kiasi, ipo njia moja ya matibabu. Akiona weupe mkali, mtoto apewe rufaa haraka, na huenda akahitaji kuongezewa damu. Kwa mtoto mwenye malaria kali au selimundu, tofauti baina ya hali hizo mbili yaweza kuwa tofauti baina ya kupona na kufa, nayo hutegemea jicho la mhudumu na nuru aliyonayo.

Mwanga wa mchana una rangi zote za upinde wa mvua kwa mfululizo usiokatika. Taa nyingi hazina. Wataalamu wa taa hutumia kipimo cha uaminifu wa rangi ambacho kilele chake ni 100: mwanga wa mchana hufikia kilele hicho, taa za kawaida za wodini hutakiwa kufikia angalau 80, na za kuchunguzia wagonjwa 90. Tyubulaiti za bei nafuu na baadhi ya balbu za LED zisizo na viwango huwa chini ya hapo, hasa katika rangi nyekundu, na wekundu ndio tunaoutafuta katika kiganja cha mtoto. Chumba chaweza kuonekana cheupe kabisa, faili likasomeka bila taabu, lakini viganja vyote vikaonekana kufanana.

Mtu anaweza kusema kwamba madirisha yapo na jua la kwetu halina uhaba. Ni kweli, lakini fuatisha safari ya mwanga huo kutoka angani hadi kwenye ngozi. Majengo mengi mapya yana vioo vya buluu, kijani au kahawia, vilivyochaguliwa kupunguza joto na kupendezesha sura ya jengo. Vioo vilivyo wazi, pengine, vimepakwa rangi ili wapita njia wasichungulie. Nyuma ya kioo kuna pazia la kijani au zambarau, nyuma ya pazia kuna chandarua cha buluu, na kuta zimepakwa rangi ya njano iliyoiva na kuchorwa twiga na simba kwa nia njema ya kuwachangamsha watoto. Kila kimoja katika hivi huchuja mwanga au huurudisha ukiwa umebadilika. Ukuta wa njano humwangazia mtoto unjano wake, na hata mkunga mzoefu hubaki akijiuliza kama anachokiona ni mtoto au ni rangi ya ukuta. Chandarua cha buluu huyatia midomo rangi isiyo yake. Wasanifu wa vyumba vya watoto wachanga hushauri kuta za jirani na vitanda ziwe nyeupe au za rangi iliyopoa kwa sababu hiyohiyo. Twiga anaweza kuhamia ukuta wa korido, atapendwa hukohuko.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauna gharama. Kila wodi ya watoto ichague mahali pake pa kutazamia: karibu na dirisha lenye kioo kisicho na rangi, au kivulini barazani, na kila mtoto aletwe hapo mara moja kwa siku, au kitanda chake kisogezwe, pazia livutwe kando na chandarua kiinuliwe. Tunasema kivulini kwa makusudi, kwa maana jua kali humfanya mtoto akunje uso, humwashia ngozi na kumpumbaza mtazamaji. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, umanjano utafutwe katika weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, na katika ngozi ya pua au kifua baada ya kuibonyeza kidogo kwa kidole. Aidha, jicho hata likiwa katika nuru bora haliwezi kukadiria kiwango cha bilirubini. Kazi yake ni kuamsha shaka. Kiwango hupimwa kwa kifaa au kwa damu.

Desturi ya kumwotesha mtoto jua

Wazazi wengi wameambiwa, na majirani au hata na sisi wahudumu, kwamba mtoto mwenye manjano aanikwe jua la asubuhi. Desturi hiyo imesimama juu ya ukweli nusu. Mwanga unaovunja bilirubini ni wa buluu, wa urefu wa mawimbi wa nanomita 460 hadi 490 hivi, na jua unao kwa wingi. Lakini jua hilohilo lina mionzi ya urujuanimno inayochoma ngozi na mionzi ya joto inayomkausha mtoto maji, na upepo wa asubuhi waweza kumshusha joto mtoto aliyevuliwa nguo. Zaidi ya yote, dakika chache za jua humpa mzazi utulivu ilhali bilirubini inaendelea kupanda kuelekea kiwango kinachodhuru ubongo, na madhara hayo, yaani uziwi, mtindio wa ubongo au kifo, hayarudi nyuma.

Ni kweli kwamba jua laweza kufanywa tiba, na hilo limeonyeshwa Afrika. Watafiti waliofanya kazi Lagos, Nijeria, walitengeneza vibanda vilivyofunikwa kwa utando maalumu wa plastiki, wa aina ile inayobandikwa kwenye vioo vya magari na majengo, unaozuia sehemu kubwa ya urujuanimno na joto lakini unaopitisha mwanga wa buluu. Katika utafiti wao wa watoto wachanga 447, uliochapishwa mwaka 2015, jua lililochujwa lilifaa katika asilimia 93 ya siku za tiba, na taa za kawaida katika asilimia 90. Watoto wale, hata hivyo, walikuwa hospitalini, damu yao ikipimwa, na joto lao likifuatiliwa na wauguzi mara kwa mara. Ua wa nyumbani hauna mambo hayo.

Kioo nacho kina siri nyingine inayowahusu watoto wanaolazwa muda mrefu. Kioo cha kawaida huzuia takriban urujuanimno wote wa aina ya B, ambao ndio huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Mtoto aliyevunjika paja, ambaye mguu wake umefungiwa uzito kwa wiki kadhaa, anaweza kulala pembeni ya dirisha lililofungwa, akaota mwanga mchana kutwa, na asipate vitamini hiyo hata kidogo. Palipo na baraza na kitanda chenye magurudumu, atolewe nje.

Mchana uwe mchana

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza seli za retina ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo bali kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa nanomita 480 hivi, ambao ni buluu ya anga. Hapo ndipo saa ya mwili hurekebishwa, na homoni ya melatonini huzuiwa mchana na kuachiliwa usiku. Mtoto mchanga huzaliwa saa hiyo ikiwa haijakomaa. Hujifunza mpangilio wa siku polepole katika miezi ya mwanzo.

Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walichapisha jaribio dogo lakini la kukumbukwa. Watoto njiti 41 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walilala katika chumba ambacho mwanga na kelele vilipunguzwa usiku, na wengine katika chumba ambacho hali haikubadilika saa zote 24. Tofauti ilijitokeza baada ya wao kurudi nyumbani. Miezi mitatu baada ya tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, waliojua usiku na mchana walilala wastani wa saa 2 zaidi kwa siku na walikuwa na uzito zaidi kwa nusu kilo. Tafiti za baadaye kuhusu njiti zimeelekea upande huohuo, ingawa ushahidi bado si mzito. Kwa watoto wakubwa zaidi ushahidi ni mchache, na ule utafiti maarufu wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, unaotajwa karibu katika kila makala ya somo hili, uliwahusu watu wazima 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania. Waliotazama miti dirishani walitumia dawa kali za maumivu kidogo na kutoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Hiyo ni habari ya mandhari, wala haikupima mwanga. Haifai kuitumia kama hoja kwamba dirisha huponya watoto.

Kilicho wazi ni kwamba wodi nyingi hukosea pande zote mbili: mapazia hayafunguliwi hadi saa nne asubuhi, na taa zote huwaka usiku kucha kwa sababu ya mtoto mmoja anayehitaji dripu. Taa ndogo ya kitandani, au kurunzi mkononi mwa muuguzi, ingewaacha wengine ishirini walale.

Dirisha lilipo na kitanda kilipo

Florence Nightingale, aliyeandika kuhusu hospitali mwaka 1859, aliuweka mwanga katika nafasi ya pili baada ya hewa safi miongoni mwa mahitaji ya mgonjwa, na aligundua kwamba wagonjwa wengi hulala nyuso zao zikielekea dirishani. Wodi alizozipendekeza zilikuwa nyembamba, zenye madirisha marefu pande zote mbili. Sababu inaeleweka kwa hesabu rahisi: mwanga wa dirishani hufika vizuri ndani ya chumba umbali wa mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha linaloishia mita 2 kutoka sakafuni huangaza mita 4 au 5. Kitanda kilicho mbele ya hapo kimo gizani hata adhuhuri, jua la nje likiwa na luksi 100,000.

Lakini vitabu vya Ulaya huandikwa kwa hofu ya upungufu wa jua. Kwetu shida ni joto na mng'ao. Mjini Dar es Salaam jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu Machi hadi Oktoba, na upande wa kusini miezi mingine, na muda wote huwa juu sana; upenu wa wastani hulizuia. Jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, likapenya hadi vitandani, wala upenu hauliwezi. Ndiyo maana jengo linalonyooka mashariki hadi magharibi, lenye madirisha kaskazini na kusini, hupata mwanga mpole siku nzima. Wajerumani waliojenga Hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 waliizungushia baraza pana, jambo ambalo nyumba za pwani zilikuwa zimelijua zamani: jua huachwa barazani, na nuru yake ndiyo inayoingia ndani.

Majengo mawili ya karne hii katika ukanda wetu yanafaa kutajwa. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, iliachana na desturi ya kuegemeza vitanda kwenye kuta za nje. Vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, hivyo kila mgonjwa anatazama dirisha lake na milima iliyo mbele yake, na madirisha hayohayo hupitisha hewa inayopunguza maambukizi ya kifua kikuu. Huko Entebbe, Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto yenye vitanda 72 ilifunguliwa mwaka 2021 kando ya Ziwa Victoria, kwa usanifu wa Renzo Piano na wenzake. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, na paa la paneli za umeme wa jua limetandazwa juu ya jengo kama mwavuli, likizalisha umeme huku likitia kivuli vioo vinavyotazama bustani. Si kila wilaya itampata Renzo Piano. Wazo la Butaro, hata hivyo, ni la kugeuza kitanda, na hilo laweza kujaribiwa katika wodi yoyote asubuhi moja, mradi mirija ya oksijeni na soketi za umeme zifike.

Jambo moja husahauliwa na wasanifu karibu wote, nalo ni kimo cha mtoto. Dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kipo mita 1.2 kutoka sakafuni humpa daktari aliyesimama mandhari ya ua mzima. Mtoto aliyelala haoni ila dari na kipande cha anga linalong'aa kupita kiasi. Anageuza uso ukutani, nasi tunaandika kwamba hachangamki. Katika ukarabati, vizingiti vya wodi za watoto vishushwe, na nondo au wavu imara uzuie hatari ya kuanguka.

Wapo watoto ambao nuru huwaumiza. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, surua au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hukimbia mwanga. Mwenye pepopunda apewe chumba chenye giza kiasi na utulivu, kwa kuwa mwanga wa ghafla huweza kuamsha mishtuko. Njiti wadogo kabisa huhitaji vivuli, na aliye chini ya taa ya tiba hufunikwa macho. Taa hiyo ya buluu pia huficha ubuluu wa midomo, kwa hiyo izimwe kidogo kila muuguzi anapotaka kumtazama. Dirisha bila pazia linalofunguka na kufungika kwa urahisi halijakamilika.

Kwa mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto mchanga, tunaomba afundishwe jambo hili kabla hajafunga mizigo, na baba au bibi akiwapo asikie pia. Kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, mtoto avuliwe nguo kwa muda mfupi ndani ya nyumba, karibu na dirisha au mlango ulio wazi, mbali na upepo, na atazamwe weupe wa macho, viganja na nyayo. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, au yakifika viganjani na nyayoni siku yoyote, au mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akilia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au akijipinda mgongo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na asingojewe jua la kesho.